Njia Mbili Zilizo Mbili Kweli

Mazungumzo na wafanyabiashara wa Kata ya Kaloleni, Jiji la Arusha, kuhusu mtandao mpana unaoongozwa kwa programu



Nawashukuru kwa kuacha maduka yenu katika saa za mauzo ili tuzungumze. Nilipokuwa nakuja nimepita mbele ya makumbusho ya Azimio la Arusha, jengo ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mwezi Januari 1967. Tangu mkutano ule ulipomalizika hadi Azimio lilipotangazwa, tarehe 5 Februari, zilipita siku kadhaa, na kwa mwendo wa nyakati zile hilo halikuwa jambo la ajabu. Leo mwenye duka la dawa hapa Kaloleni akingojeshwa dakika tano apate jibu kutoka stoo yake ya Njiro, mteja amekwisha vuka barabara kwenda duka jingine.

Nimeombwa nieleze jambo ambalo wauzaji wa vifaa vya mawasiliano wameanza kulipitisha maofisini kwa herufi SD-WAN. Mimi nitaliita mtandao mpana unaoongozwa kwa programu. Neno "mpana" hapa halihusu kasi, linahusu umbali: ni mtandao unaounganisha ofisi zilizo mbalimbali, kama Kaloleni na Karatu, tofauti na ule ulio ndani ya jengo moja. Nitawaeleza faida zake, kwa sababu anazo. Nitawaeleza pia mahali ambapo mnunuzi hulipia faida asizozipata, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwa miaka mingi biashara yenye matawi ilikuwa na hiari mbili. Ya kwanza ilikuwa kukodi laini ya pekee kutoka tawi hadi makao makuu, ambayo mtoa huduma huitunza na kuiahidia ubora. Benki zilifuata njia hiyo, na kwa sababu nzuri. Lakini laini hiyo ni ghali, na tawi jipya huweza kusubiri majuma kadhaa kabla ya kuunganishwa. Hiari ya pili ilikuwa kila tawi kujinunulia intaneti ya kawaida, na mengine kumwachia Mungu.

Laini ya pekee ilifaa wakati ambapo kila kitu kilikuwa makao makuu: seva ya hesabu ilikuwa huko, na mafaili yalikuwa huko. Siku hizi programu ya hesabu imekodiwa kwenye intaneti, barua pepe ziko kwenye intaneti, na picha za kamera za ulinzi mwenye mali huzitazama kwenye simu akiwa nyumbani. Matokeo yake ni kwamba data ya tawi husafiri kwanza hadi makao makuu ndipo itoke kwenda kwenye intaneti, mithili ya abiria wa Kisongo aendaye Monduli kulazimishwa kufika kwanza Usa River.

Mtandao unaoongozwa kwa programu hufanya kazi hivi. Katika kila tawi huwekwa kifaa kimoja, ruta ya aina yake, na kifaa hicho huunganishwa na laini mbili au zaidi: pengine faiba, laini ya simu ya 4G, mawimbi ya redio kutoka mnarani, au setilaiti. Vifaa vya matawi yote hujengeana njia zilizofungwa kwa usimbaji, yaani maneno yanageuzwa kuwa fumbo lisilosomeka njiani. Halafu ipo programu moja inayoviongoza vyote. Vifaa hubeba mizigo, na programu huweka kanuni za njia gani ibebe mzigo gani.

Dereva wa Arusha anayekwenda Usa River analielewa jambo hili bila kufundishwa. Anaweza kupita Barabara ya Moshi, au akazunguka kwa barabara ya mchepuo itokayo Ngaramtoni. Akisikia kuna foleni upande mmoja, hubadili njia. Tofauti ni kwamba kifaa hiki hakingoji kusikia. Kila mara kinatuma vipande vidogo vya majaribio katika laini zote na kupima mambo matatu: ujumbe umechelewa kiasi gani, kuchelewa huko kunayumba kiasi gani, na vipande vingapi vimepotea njiani.

Vipimo hivyo vina maana kwa sababu kazi za ofisi hazifanani. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano linashauri kwamba sauti ya simu isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, la sivyo wazungumzaji huanza kukatizana. Setilaiti za zamani, zilizo angani umbali wa takriban kilomita 36,000, hazifiki kiwango hicho hata siku moja, kwa kuwa kupeleka ujumbe na kupata jibu kupitia kwao huchukua nusu sekunde au zaidi. Lakini laini hiyo hiyo inatosha kabisa kupeleka ripoti ya stoo usiku. Risiti moja ya mauzo ni mzigo mdogo mno, ilhali kamera moja ya ulinzi huweza kutumia megabiti 2 kwa kila sekunde, mchana kutwa na usiku kucha. Bila msimamizi, risiti na kamera hugombania mlango mmoja, na kamera hushinda. Programu huweza kuagizwa kwamba malipo na simu zipite kwanza katika laini iliyo safi, na picha za kamera zipite pale penye nafasi.

Hapa ndipo ilipo faida ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote, ingawa wauzaji huitaja mwisho. Ruta za kawaida zenye laini ya akiba huhamia kwenye akiba wakati laini ya kwanza inapokufa. Lakini laini nyingi hazifi, bali huugua. Taa ya ruta ni ya kijani, ukurasa wa mtandao unafunguka kwa kujikokota, simu inakata maneno, na mashine ya malipo inazunguka bila kujibu. Ruta ya kawaida huona kwamba laini iko hai na kubaki hapo hapo. Kifaa kinachopima huona kwamba katika kila vipande 100 vitano vinapotea, nacho huzihamisha simu na malipo kwenda laini ya pili kabla karani hajaanza kulalamika.

Faida ya pili ni ya usimamizi. Mwenye matawi sita hahitaji kumpandisha fundi basi kwenda kila tawi kubadili nywila au kufungia tovuti isiyohusiana na kazi, kwani badiliko linaandikwa mahali pamoja na kufika kote. Tawi jipya nalo laweza kuanza kazi kwa laini ya simu siku linapofunguliwa, faiba ikaongezwa baadaye. Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka 2013 wahandisi wa Google walichapisha maelezo ya namna walivyounganisha vituo vyao vya data kwa utaratibu wa namna hii, na mwaka 2017 kampuni za Cisco na VMware kila moja ilinunua kampuni ndogo ya kazi hiyo. Tangu hapo bidhaa hizi zimesambaa duniani, nasi zimetufikia.

Sasa naomba tufanye hesabu, kwa sababu muuzaji ataifanya mbele yenu na ni vizuri mjue imejengwa juu ya nini. Laini inayopatikana kwa asilimia 99 ya muda inasikika kuwa nzuri. Mwaka una saa 8,760, na asilimia 1 ya saa hizo ni saa 87 na zaidi, yaani siku tatu na nusu bila huduma. Ukiwa na laini mbili za namna hiyo, na kukatika kwa moja hakuhusiani hata kidogo na kukatika kwa nyingine, muda wa kukosa zote mbili kwa pamoja unashuka hadi kiasi cha dakika 53 kwa mwaka. Hesabu ni sahihi. Lakini yasomeni tena maneno yale ya katikati: hakuhusiani hata kidogo.

Nitawasimulia lililonipata. Kabla sijaingia katika utumishi wa umma nilitunza mitambo ya kompyuta katika kampuni moja ya uchukuzi katika mji huu. Tulinunua faiba kutoka kwa mtoa huduma mmoja, na kwa hadhari tukanunua faiba ya pili kutoka kwa mwingine. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kuomba fedha, nikasema kwamba sasa hatutalala gizani tena. Siku moja ya mwisho wa mwezi, mafundi waliokuwa wakichimba kando ya barabara walikata kebo. Laini zote mbili zikazimika dakika ile ile. Watoa huduma wale wawili walikuwa wamepitisha nyaya zao katika mtaro mmoja. Madereva walikaa hadi usiku wakingoja mishahara, wengine wakiwa safarini na mafuta yamekwisha, nami nikiwa na ankara mbili mkononi za huduma mbili ambazo, kusema kweli, zilikuwa moja. Hakuna aliyenidanganya, maana sikuwa nimeuliza.

Jambo hilo hilo lilitokea kwa nchi nzima, na wengi wenu mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja katika bahari ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Kebo hizi ni za kampuni tofauti. Seacom ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ikaanza kazi mwaka 2010. Kwenye karatasi zilikuwa njia mbili. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, na wiki hiyo Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulifunga huduma zake kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya hali ya mtandao. Biashara iliyokuwa na vifaa bora kuliko vyote, na laini mbili zilizotegemea kebo hizo mbili, ilikaa kimya pamoja na wengine. Programu huchagua kati ya njia zilizopo, wala haiwezi kuunda njia isiyokuwepo.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe juu ya kifaa, liwe juu ya njia. Muulize laini hizi mbili zinaingia katika jengo langu kupitia nguzo ipi na mtaro upi. Zinatoka Arusha kwa barabara ipi? Zinatoka nchini kupitia wapi? Hapa kwetu swali la mwisho lina majibu zaidi ya moja, kwa kuwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unashuka hadi pwani ya Dar es Salaam, na pia umeungana na Kenya kupitia Namanga, ambako data huweza kufika Mombasa na kebo nyingine kama TEAMS, iendayo Fujairah. Mchanganyiko ninaoupendelea kwa ofisi ya kawaida ni faiba kwa laini ya kwanza, na laini ya simu ya mtoa huduma mwingine kwa ya pili, kwa sababu angalau hatua ya mwisho ya kufika mlangoni kwako inapita hewani na haiwezi kukatwa na jembe. Hata hivyo mnara wa simu nao huweza kulishwa na mkongo ule ule uliokatika. Uliza. Mtoa huduma mwaminifu atakujibu, na akikataa kuandika jibu lake katika mkataba, umekwisha jibiwa.

Yaliyo ndani ya nchi yana nafuu yake. Mawasiliano yanayoanzia na kuishia Tanzania hayahitaji kupita baharini. Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana data kati ya watoa huduma, na Arusha inacho chake. Kwa hiyo jiulizeni: ile orodha ya stoo mnayoitazama kutoka Ngaramtoni imehifadhiwa wapi? Ikiwa iko Ulaya, kebo ikikatika baharini hamtaiona, ingawa bidhaa zenyewe ziko kilomita chache kutoka hapo mlipoketi.

Na umeme ukikatika je? Kifaa hiki kinatumia umeme, kadhalika kisanduku cha faiba kilicho ukutani. Nimeona ofisi zenye laini tatu na hakuna betri ya akiba hata moja.

Nije kwenye mkataba. Bei ya kifaa si bei ya huduma. Bidhaa nyingi za aina hii zina ada ya leseni ya programu inayolipwa kila mwaka, mara nyingi ikikadiriwa kwa dola, na ada isipolipwa kifaa huweza kupoteza uwezo wake wa kuongozwa, kikabaki ruta ya kawaida au pungufu ya hapo. Takeni gharama ya miaka mitatu kwa jumla, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, ndipo mlinganishe na gharama ya sasa. Kadhalika mjue kifaa ni mali ya nani mkataba utakapokwisha, na kama mnaweza kumwacha mtoa huduma mmoja wa laini bila kuvunja mkataba wa mfumo mzima. Kifaa chenyewe kiwe cha aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ombeni uthibitisho wa hilo kabla ya kulipa.

Lipo pia suala la siri za wateja. Anayeuongoza mtandao wenu kutoka mahali pamoja anaweza kuona mengi: ni nani anawasiliana na nani, saa ngapi, na kwa kiasi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa lugha ya sheria hiyo, wewe mwenye duka la dawa au kliniki ndiye mkusanyaji, na yule anayekuendeshea mfumo huweza kuwa mchakataji. Kumkabidhi kazi hakukuondolei wajibu kwa mgonjwa aliyeandikwa katika daftari lako. Mkataba useme kumbukumbu zinakaa wapi, nani anazifungua, na zinafutwa lini.

Mkiwa na malalamiko juu ya huduma, yapelekeni kwanza kwa mtoa huduma kwa maandishi, na mtunze nakala. Yasiposhughulikiwa, yapelekeni Mamlaka ya Mawasiliano, na asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Hapa vile vipimo nilivyovitaja vinageuka kuwa faida nyingine, ambayo sijamsikia muuzaji akiitaja. Kifaa kinaandika siku na saa ambapo laini iliugua. Mteja anayekwenda kulalamika akisema "mtandao wenu ni mbovu" hujibiwa kwa pole. Anayekwenda na karatasi inayoonyesha kwamba Jumanne kuanzia saa 4 hadi saa 7 mchana vipande 8 katika kila 100 vilipotea, huyo hujibiwa kwa namna nyingine. Basi wekeni katika mkataba kwamba kumbukumbu hizo ni haki yenu kuzipata, kwa sababu kuna mahali ambapo mteja hulipia vipimo asivyoruhusiwa kuviona.

Nilikuwa nimemaliza, lakini naona mkono umeinuliwa kule nyuma. Karibu, mama.

Mama ameuliza hivi, nami nayarudia maneno yake ili wote wasikie: "Mwanangu, mimi nina duka la nafaka hapa Kaloleni na jingine dogo Ngaramtoni, analiangalia binti yangu. Tunatumia simu na kompyuta moja. Kijana amekuja na bei yake ya hicho kisanduku, nimeshtuka. Nikinunue au nisikinunue?"

Shikamoo mama, na asante kwa swali. Kwa ulivyoeleza, usikinunue. Kisanduku hiki kinaanza kulipa gharama yake pale penye matawi kadhaa, watu wengi wanaotumia mtandao kwa pamoja, na kazi inayosimama kabisa mtandao ukisimama: kliniki yenye mafaili ya wagonjwa, kampuni ya utalii inayopokea malipo kutoka nje, shule yenye ofisi mbili, duka la jumla lenye stoo tatu. Kwako wewe inatosha ruta ndogo inayopokea laini mbili za simu za mitandao miwili tofauti. Hiyo itahama yenyewe laini moja ikifa, ingawa haitatambua laini inayougua. Laini ikiugua, binti yako ataizima kwa mkono na kuwasha nyingine. Na mauzo ya siku yaandikwe katika programu inayoweza kufanya kazi bila mtandao, kisha ipeleke hesabu mtandao ukirudi.

Lakini kabla hujanunua hata hiyo ruta, mwambie binti aweke daftari karibu na kompyuta. Kwa mwezi mmoja aandike kila mara mtandao unapokwama: saa ngapi, kwa muda gani, na mteja aliondoka au alisubiri. Ukifika mwisho wa mwezi utajua kukatika kunakugharimu kiasi gani, na kiasi hicho ukilinganishe na bei aliyokuletea yule kijana. Akirudi kabla ya mwezi kwisha, mwonyeshe daftari, umwulize kisanduku chake kingezuia mangapi kati ya hayo yaliyoandikwa.